Fedha za kaboni na gunia la mkaa la Kawajense: Tunauza hewa au tunatunza amana?

 

Ndugu zangu Waislamu, lipo swali linalozunguka mabarazani na misikitini mkoani Katavi, na kila mwaka linazidi kupata nguvu kwa sababu fedha inayozungumzwa si ndogo. Swali lenyewe ni hili: je, fedha ya kaboni ni halali? Mtu anakaa kijijini kwake, hakati mti, kisha analipwa mabilioni na watu wa Ulaya ambao hajapata kuwaona. Ameuza nini? Hewa? Na kama ni hewa, nani alimpa umiliki wa hewa ya Mwenyezi Mungu?

Tusilikwepe swali hili wala kulijibu kwa jazba. Tuanze na mambo yenyewe yalivyo.

Katika Wilaya ya Tanganyika, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mpanda, vipo vijiji vinane: Lugonesi, Mwese, Lwega, Bujombe, Kapanga, Katuma, Mpembe na Kagunga. Vijiji hivi vinamiliki misitu katika milima ya Ntakata, zaidi ya hekta laki mbili, penye sokwe, tembo na chemchemi za mito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinawapa wanakijiji haki ya kuhifadhi msitu wao kwa jina lao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 2010 vijiji hivyo viliingia mkataba na kampuni ya Carbon Tanzania, ambayo ilikuwa imekwisha kufanya kazi ya namna hiyo na Wahadzabe wa bonde la Yaeda tangu mwaka 2011. Makubaliano ni kwamba wanakijiji wapange matumizi ya ardhi yao, waweke walinzi wa msitu, wazuie moto na ukataji holela. Wataalamu wanapima ni miti kiasi gani imenusurika, wanahesabu ni tani ngapi za hewa ukaa ambazo hazikuingia angani, na kila tani inapewa hati. Hati hizo zinauzwa kwa makampuni ya nje yanayotaka kufidia moshi wao, na sehemu ya mapato inaingia katika akaunti za vijiji.

Matokeo yanaonekana kwa macho. Zahanati zimejengwa, madarasa yamejengwa, watu wamekatiwa bima ya afya kwa fedha ya msitu. Kijiji kilichokuwa kikisubiri ruzuku ya Halmashauri kwa miaka sasa kinakaa katika mkutano mkuu na kupanga bajeti yake. Asiyeona kuwa hilo ni jambo kubwa hajakaa kijijini.

Sasa turudi kwenye swali. Wapo ndugu wanaosema haifai, na hoja yao ina msingi. Wanataja hadithi iliyopokelewa na Abu Daud, kwamba watu wana ushirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Hewa, wanasema, ina haki zaidi ya kuwa ya wote. Na Mtume (SAW) amekataza mtu kuuza asichokuwa nacho, na amekataza biashara ya gharari, yaani biashara ya kubahatisha ambayo mnunuzi hajui anapata nini.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama wanakijiji wangekuwa wanauza hewa. Lakini tazama vizuri mkataba wenyewe. Hakuna anayefungasha hewa ya Katuma na kuipeleka London. Anayelipa analipia kazi iliyofanyika na matokeo yake: doria zimezungushwa, njia za kuzuia moto zimefyekwa, mpango wa ardhi umesimamiwa, msitu umebaki. Na katika fiqhi mkataba wa aina hiyo una jina lake tangu karne na karne. Unaitwa ju'ala: mtu anatangaza malipo maalumu kwa yeyote atakayetimiza jambo fulani. Wanazuoni wameutolea dalili katika Suratu Yusuf (12:72), pale watumishi wa mfalme walipotangaza kuwa atakayelileta kopo lililopotea atapata shehena ya ngamia mmoja. Hawakununua kopo, maana lilikuwa lao. Walilipia kurudi kwake. Jopo la wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, limeikubali ju'ala, na sharti lake kubwa ni kwamba mfanyakazi hastahiki kitu mpaka kazi ikamilike. Ndivyo ilivyo kaboni: hupimwa kwanza, hulipwa baadaye. Msitu ukiungua, hakuna malipo.

Huko Malaysia, ambako mambo ya fedha za Kiislamu yamepiga hatua, soko la hisa la nchi hiyo lilifungua soko la kaboni mwezi Desemba 2022 na kulitangaza kuwa linafuata sharia. Silitaji hili kama dalili, maana soko la hisa si kitabu cha fiqhi. Nalitaja ili ijulikane kuwa wenzetu wamekwisha kulikalia suala hili na hawakulitupa nje.

Kwa maoni yangu basi, asili ya fedha hii ni halali. Lakini wengi wetu tukishasikia neno halali tunakunja jamvi na kuondoka, na hapa ndipo tunapokosea. Ng'ombe ni halali, lakini akichinjwa vibaya ni mzoga. Fedha ya kaboni inaweza kuingia haramu kwa milango kadhaa, na mlango wa kwanza ni kipimo.

Hebu tuliangalie jambo la Nabii Shuaib (AS) na watu wa Madyan. Katika Suratul-A'araf (7:85) Nabii Shuaib anawaamrisha watu wake watimize vipimo na mizani, wasiwapunje watu vitu vyao, kisha katika aya hiyo hiyo, bila kupumzika, anawakataza wasifanye ufisadi katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Mizani na ardhi vimewekwa pamoja. Nimesikia hotuba nyingi juu ya mizani na nyingi juu ya ufisadi, lakini ni chache zinazouliza kwa nini yamekuja katika pumzi moja.

Sisi wa mjini tunaijua dhulma ya kipimo. Tunaijua lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka linakuwa gunia na nusu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wameipiga marufuku miaka nenda rudi na bado ipo. Sasa kaboni nayo ina lumbesa yake, isipokuwa hii inashonewa kwenye kompyuta. Ili kujua umeokoa miti mingapi, ni lazima ukadirie ingekatwa mingapi kama usingekuwepo. Hayo ni makadirio ya jambo ambalo halikutokea. Mwenye mradi akikadiria kwamba msitu wote ungekwisha katika miaka michache, atauza hati nyingi. Akikadiria kwa uadilifu, atauza chache. Unaona kishawishi kilipo?

Mwezi Januari 2023 gazeti la Guardian la Uingereza, Die Zeit la Ujerumani na waandishi wa SourceMaterial walichapisha uchunguzi wao juu ya miradi ya misitu ya mvua iliyopewa hati na shirika la Verra, wakasema zaidi ya asilimia 90 ya hati walizozichunguza huenda hazikuwa na upunguzaji wowote wa kweli nyuma yake. Verra ililipinga jambo hilo kwa nguvu. Lakini mwezi Oktoba mwaka huo huo kampuni ya South Pole ya Uswisi ilijitoa katika mradi mkubwa wa Kariba nchini Zimbabwe baada ya maswali ya namna hiyo hiyo. Soko zima likayumba na wanunuzi wakapungua.

Sisemi kwamba milima ya Ntakata ni sawa na Kariba. Katavi tishio la msitu si la kukisia. Mtu apande basi atoke Mpanda kuelekea Mwese atazame mwenyewe palipofyekwa na pasipofyekwa. Nasema kwamba mwanakijiji wa Lwega anaweza kuwa ameifanya kazi yake kwa uaminifu wote, kisha akaangushwa na mtu wa mbali aliyejaza lumbesa katika mradi mwingine, kwa sababu bei ya soko ni moja na jina ni moja. Ndiyo maana ukaguzi wa hesabu hizi usiachiwe wageni peke yao. Serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Vijana wetu wanaosoma hesabu na misitu waende huko. Kujua mizani ni katika kusimamisha mizani.

Mlango wa pili ni unyang'anyi wa wakubwa. Zama za ujahili, Imam Shafi anatueleza, mkuu wa kabila la Waarabu akitua mahali penye malisho mazuri alikuwa akimpandisha mbwa juu ya kilima na kumbwekesha. Mahali pote sauti ilipofika palikuwa hima yake, hagusi mtu mwingine. Yeye huku analisha na wengine katika maeneo yao, lakini kwake haingii mtu. Mtume (SAW) akaifuta desturi hiyo kwa tamko lililomo katika Bukhari, kwamba hakuna hima ila ya Allah na Mtume wake, yaani eneo la kuhifadhiwa liwe kwa maslahi ya umma. Naye akaihifadhi Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Ukiyasoma mambo ya miaka hii utamsikia mbwa anabweka tena. Mwaka 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai, ambayo mwenyekiti wake ni wa ukoo wa kifalme, ilisaini hati za makubaliano na nchi kadhaa za Afrika juu ya mamilioni ya hekta za misitu: Liberia, Zambia, Zimbabwe, na hapa kwetu Tanzania zilitajwa hekta milioni nane. Wenye kampuni ni Waislamu wenzetu, na hilo lisitufunge mdomo. Hati ya makubaliano si mkataba kamili, lakini msitu wa ukubwa huo una watu wanaoishi kando yake, wanaotundika mizinga, wanaookota uyoga na dawa. Wao walikuwa upande gani wa meza? Tofauti ya jambo hilo na vijiji vya Tanganyika ni hapo. Kule Ntakata anayesaini ni kijiji chenye hati ya ardhi yake.

Lakini na kijiji nacho kina wakubwa wake. Na hapa ndipo kisa cha Umar bin Khattab (RA) kinapotufaa kuliko hotuba yoyote. Umar aliihifadhi ardhi ya malisho, akamweka mtumishi wake aitwaye Hunay kuisimamia. Wasia aliompa umo katika Sahih Bukhari, na kila mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji angeusoma. Alimwambia awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Amwingize mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Kisha akamtahadharisha na mifugo ya Ibn Auf na ya Ibn Affan. Ni maswahaba wakubwa hao, matajiri! Sababu aliyoitoa ni ya mtu anayejua uchumi: wale wawili mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini yule mnyonge mifugo yake ikifa atamjia Umar na watoto wake wakilia, na hapo itabidi alipwe dhahabu na fedha kutoka hazina. Maji na majani, alisema, ni rahisi kwake kuliko dhahabu na fedha.

Tazama hapo. Umar hakuacha kuhifadhi, na hakuhifadhi kwa kumfukuza maskini. Alifanya hesabu. Msitu unapofungwa, yupo mtu anayelipa gharama. Ni mama aliyekuwa akikata kuni za kuuza, mchoma mkaa asiye na shamba, mfugaji aliyekuja na ng'ombe zake kutoka kaskazini na hana eneo kwenye ramani ya mpango wa ardhi. Fedha ya kaboni ikijenga ofisi nzuri ya kijiji yenye vigae wakati watu hao wanaondoka mikono mitupu, basi tumewaingiza ngamia wa Ibn Auf na kuwazuia kondoo wa mnyonge. Bima ya afya kwa kila kaya inaifikia haki zaidi kuliko ofisi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Muislamu anayekaa nyumbani siku hiyo kisha anakuja kulalamika barazani ameiacha sehemu ya amana yake.

Kuna wanaouliza pia juu ya mnunuzi. Yeye anachafua anga, anatoa fedha, anaendelea kuchafua. Je, sisi tunamsaidia katika dhambi? Swali hili ni zito. Kafara katika dini yetu ni kwa mtu aliyekosa, akajuta. Haijapata kuwa leseni ya kununua mapema ili ukavunje kiapo kwa raha. Kampuni inayopunguza moshi wake kwa kweli na kulipia mabaki, hiyo inafanana na mwenye kutoa fidia. Inayonunua hati ili isipunguze chochote, dhambi hiyo ni yake, na sisi tuna haki ya kumwambia hivyo hadharani hata tukiwa tunapokea malipo ya kazi yetu. Fundi anayejenga ukuta hakuwajibika kwa uongo wa mwenye nyumba, maadamu kazi yake ni halali.

Nimesema mengi juu ya Ulaya na Dubai. Nije sasa Kawajense.

Kata ya Kawajense ipo ndani ya Manispaa ya Mpanda, na kama mitaa mingine ya miji yetu, jioni yake inanukia mkaa. Hili nalo ni soko, tena la karibu kuliko soko la kaboni, na linafanya kazi kila siku bila mkataba wala mkaguzi. Linamlipa mtu ili akate. Takwimu za serikali za muongo uliopita zilisema nchi yetu inapoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kila mwaka. Kilimo cha kuhamahama kina sehemu kubwa, na mkaa una sehemu yake. Katika tanuru la udongo la kienyeji, kilo kumi za mti hutoa kilo moja au mbili tu za mkaa. Zilizobaki zimeondoka na moshi. Na katika bei ya gunia unalonunua umelipia jasho la mchomaji, baiskeli au lori, faida ya muuzaji. Mti wenyewe mara nyingi hakuna aliyeulipia. Ulichukuliwa bure katika mali ya umma. Ukiwa na nyaraka za ushuru, sawa. Usipokuwa nazo, tumenunua nini?

Mto Katuma unashuka kutoka milima hiyo hiyo, unapita mashamba ya mpunga, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kuelekea Ziwa Rukwa. Watu wa Mpanda mnajua kiangazi viboko wa Katavi wanavyobanana katika matope mamia kwa mamia. Watalii wanapiga picha. Sisi tujiulize maji yamekwenda wapi, mangapi yamezuiwa na mifereji ya juu, na mangapi yamekosa kuhifadhiwa kwa sababu vilima vimevuliwa nguo.

Umar (RA) alipopata ardhi nzuri ya Khaybar alimwendea Mtume (SAW) kutaka shauri. Akashauriwa aizuie asili yake na ayatoe mazao yake sadaka. Ardhi ile haikuuzwa, haikurithiwa, matunda yake yakawafikia mafakiri, jamaa, wageni. Huo ndio msingi wa wakfu: shina libaki, tunda ligawiwe. Sijaona maelezo bora ya jinsi ya kula msitu. Asali ya Katavi ni tunda. Wafugaji nyuki wa Inyonga wanalila bila kugusa shina, na Mheshimiwa Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu alilihimiza jambo la nyuki mpaka watu wakamtania. Uyoga ni tunda. Fedha ya kaboni, ikiwa imepimwa kwa haki, ni tunda. Mkaa wa mninga ni shina.

Najua jibu litakalokuja: gesi ni ghali. Ni kweli kwa mtu anayenunua mkaa wa kopo kwa siku, hawezi kutoa fedha ya mtungi kwa mkupuo, ingawa mwisho wa mwezi huenda ametumia zaidi. Tatizo lake ni mtaji, na mtaji ni jambo ambalo jamaa ya msikiti inaweza kulitatua. Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya mia moja kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Shule zetu za Kiislamu na madrasa za bweni zimo katika agizo hilo. Futari za Ramadhani na pilau la maulidi tunalipika wapi? Kamati ya msikiti ikinunua majiko mawili makubwa ya gesi kwa michango ya waumini na kuyaweka wakfu, yatapika futari, yatapika walima za maskini wa mtaa, na yatakodishwa kwa harusi za wenye uwezo ili gesi inunuliwe. Baada ya hapo uanzishwe mfuko wa kuzungusha, qardhu hasana, kaya moja inachukua fedha ya mtungi na jiko, inarejesha kidogo kidogo bila riba, inachukua nyingine. Kaya ishirini za mwanzo zichaguliwe kwa utaratibu wa Hunay, mwenye kondoo wachache kwanza.

Wallahu a'alam.